Mianya kwenye maua ya vinia: Wafaransa waliikwepaje?

SWALI

Mafundi, habari za kazi. Mimi ni seremala hapa Tanga. Nimeona picha za dawati la mfalme wa Ufaransa lililoko Versailles, lenye maua ya mbao za rangi mbalimbali, na kati ya ua na mbao inayolizunguka sioni mwanya hata wa unywele. Nikajaribu ua moja la petali tano kwa vinia (ubao mwembamba sana wa kubandika) ya milimita 0.6. Nilikata petali kwa msumeno wa sonara, nikaziweka juu ya vinia nyeusi, nikazichora kwa penseli pembeni, kisha nikakata tundu. Kila petali imeacha mwanya. Nikaziba kwa gundi nyeupe na unga wa mbao, nikabandika kwenye ubao wa mninga. Baada ya wiki mbili ubao umepinda kama sahani na umetoa malengelenge mawili. Naomba kujua: mkato wenyewe unafanywaje? Vivuli kwenye petali ni rangi ya brashi? Na nyumbani kuna ganda la zamani la ng'amba (aina ya kasa), je, naweza kulitumia kama Wafaransa walivyolitumia?

JIBU

Fundi mwenzetu, ulichofanya ni kazi ya njumu, si marketri (picha ya vipande vya vinia), na hapo ndipo mianya ilipoanzia. Anayetia njumu kwenye kiti cha enzi anachimba shimo ndani ya mbao nzima na kulifuatisha kipande alichonacho mkononi. Kwenye marketri hakuna mwenyeji wala mgeni. Ua na mandhari yake, yaani mbao inayolizunguka, vyote ni vinia ya unene mmoja, vyote hutoka kwenye mchoro mmoja, na vinakuwa ngozi moja kabla havijagusa ubao.

Penseli yako ilikudanganya mara mbili. Ncha yake haigusi ukingo wa petali pale chini kabisa. Hupita pembeni, kama milimita 0.3 hivi. Kisha bledi nayo inakula. Bledi ya sonara namba 2/0 ina unene wa milimita 0.26, kwa hiyo ukikata juu ya mstari mwanya unakaribia nusu milimita. Kwenye vinia nyeusi iliyozunguka petali nyeupe, hata mtu aliyesimama mlangoni ataiona. Ukilazimika kufuatisha petali iliyokwisha kukatwa, weka penseli kando, uikandamize petali na upitishe ncha ya kisu kikali ukiwa umeiegemeza kwenye ukingo wake. Kisu kinapasua tu, hakili mbao.

Ila kwa mchoro wenye petali, majani na mashina, kisu kitakuchosha. Msumeno ndio wenyewe, na suala zima ni hili: ile njia inayoliwa na bledi iangukie wapi? Kuna majibu matatu.

La kwanza ni kipande kwa kipande, na kufikia karne ya 19 karakana za Paris zilikuwa zimelifikisha mbali. Mchoro unatobolewa kwa sindano kando ya mistari yote, kisha vumbi jeusi linapitishwa kwenye vitobo hivyo ili kupata nakala nyingi zinazolingana kabisa. Nakala moja inakatwa vipande na kugawanywa kwa rangi: petali zote nyeupe kwenye fungu moja, majani yote kwenye jingine. Kila fungu ni tabaka kadhaa za vinia zilizobanwa kati ya vibao viwili vyembamba vya mbao laini, zikashikwa kwa misumari midogo. Katikati huwekwa karatasi iliyopakwa shahamu ili bledi iteleze. Nakala nyingine inabaki nzima kwa ajili ya mandhari.

Siri iko kwenye upande wa mstari. Petali inakatwa kwa nje, bledi ikiulamba mstari na kuacha petali kamili. Mandhari inakatwa kwa ndani ya mstari uleule. Hivyo, pande zote mbili, njia ya bledi inaangukia kwenye takataka. Fungu la tabaka sita linatoa maua sita yanayofanana, na ndiyo maana njia hii iliwafaa waliotengeneza samani jozi jozi. Lakini inadai bledi iende wima kabisa. Ikiinama kidogo tu, petali ya tabaka la juu na ya tabaka la chini hazitakuwa na ukubwa mmoja.

Kwa sababu hiyo wana benchi maalumu wanaloliita shevale. Fundi analikalia kama aliyepanda farasi. Mbele yake kuna taya mbili za mbao zinazobana fungu likiwa wima, naye huzifunga na kuzilegeza kwa pedali ya mguu. Msumeno umeshikwa na mkono wa mbao unaouacha uende mbele na nyuma tu, usiyumbe. Mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto unazungusha fungu, mguu unabana na kuachia. Ukitaka kulijenga, mbao ngumu ya kawaida inatosha. Kazi iko kwenye kuurekebisha huo mkono mpaka bledi ipige fungu kwa digrii 90 juu, chini, kushoto na kulia. Jaribio lake ni kukata mraba kwenye fungu nene, kulifungua, na kuulinganisha mraba wa juu na wa chini.

Jibu la pili lina jina la André-Charles Boulle, aliyeishi 1642 hadi 1732 na kuwa fundi wa mfalme mwaka 1672. Hakulibuni yeye, ila jina limemganda. Shaba ya manjano na gamba la kasa vinabanwa pamoja na kukatwa mara moja. Vikitenganishwa unapata picha mbili: shaba ndani ya gamba, na gamba ndani ya shaba, wala hakuna kinachotupwa. Ukiangalia samani zake kwa jozi utaona moja ni kinyume cha nyingine. Hapa njia ya bledi haikwepwi hata kidogo. Inabaki kama mstari mwembamba unaojazwa kwa mchanganyiko wa gundi na rangi nyeusi. Macho hayalalamiki, kwa sababu mstari una upana mmoja kila mahali na unaonekana kama sehemu ya mchoro.

La tatu ndilo tunalokushauri uanze nalo: mkato wa kuinamisha. Weka vinia ya mandhari juu na ya petali chini, uzishikize kwa gundi ya karatasi, kisha ukate zote mbili kwa pamoja meza ya msumeno ikiwa imeinama kiasi kwamba tundu linapanuka kuelekea chini. Petali inayotoka kwenye vinia ya chini inakuwa kubwa kidogo kuliko tundu la juu. Ukiisukuma kutoka chini inapanda, inajibana kama kizibo, na mwanya unatoweka.

Pembe ya kuinamisha haikisiwi. Gawanya unene wa bledi kwa unene wa vinia. Jibu ni saini (sine, kitufe cha sin kwenye kikokotoo) ya pembe unayoitaka. Kwa bledi ya 2/0 na vinia yako ya 0.6 ni 0.26 kwa 0.6, yaani 0.43, karibu digrii 26. Hiyo ni pembe kali mno, ukingo unakuwa kama wembe na unamong'onyoka. Chukua bledi ya 6/0 yenye unene wa milimita 0.18 na pembe inashuka hadi digrii 17 au 18. Ukipata vinia iliyopasuliwa kwa msumeno, yenye milimita 1.5, hata 2/0 inadai digrii 10 tu. Meno ya bledi hula zaidi kidogo ya unene wake, kwa hiyo kata kwanza duara la majaribio. Likikwama kabla ya kulingana na uso wa juu, punguza pembe. Likipita bila kukwama, ongeza.

Kosa linalowapata karibu wote ni kugeuza mwelekeo katikati ya kazi. Ukianza kwa kuzungusha kazi kulia, zungusha kulia kwa kila petali. Ukienda kushoto mwinamo unageuka, petali inakuwa ndogo badala ya kubwa, na mwanya unaongezeka maradufu badala ya kufa. Tundu la kupitishia bledi litoboe kwa sindano au keekee ya nusu milimita, mahali ambapo baadaye patakuwa na mshipa wa jani. Njia hii inatoa picha moja tu kwa kila mkato, na vipande vilivyobaki havitaoana.

Sasa vivuli. Si brashi, ni mchanga. Chekecha mchanga laini, ujaze kikaango cha chuma kina cha sentimita 3 hadi 5, uweke kwenye moto wa wastani mpaka kijipande cha vinia ukikichovya kianze kuwa cha kahawia ndani ya sekunde kama 8. Shika petali kwa kibano, chovya ukingo tu, hesabu, toa, tazama, rudia. Chini ya kikaango joto ni kali kuliko juu, na hilo ndilo linalokupa kivuli kinachofifia taratibu kutoka ukingoni kwenda katikati. Kifanye kiwe cheusi kidogo kuliko unavyotaka, maana kukwangua kutaondoa sehemu yake. Ukiona moshi umechelewa: ukingo ulioungua kuwa mkaa utamong'onyoka na mwanya utarudi kwa mlango wa nyuma. Joto pia linakausha mbao na kuifanya isinyae kwa upana. Ukimaliza, ipitishie sponji yenye unyevu kidogo, uiache chini ya kitabu kizito mpaka irudi ukubwa wake. Wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu msumeno.

Kuhusu rangi zenyewe, picha uliyoiona inakuonyesha nusu tu ya ukweli. Dawati hilo lilianzwa na Jean-François Oeben mwaka 1760. Alifariki 1763, na likakamilishwa na Jean-Henri Riesener mwaka 1769. Kwenye kazi za zama hizo mbao nyeupe zilitiwa rangi za kijani, buluu na njano zikiwa bado vinia. Mwanga umezila, na leo nyingi zinaonekana kahawia na asali. Kipande kikibanduka kwa matengenezo, mgongo wake bado hutoa kijani kibichi. Mishipa ya majani na mikunjo midogo ya petali mara nyingi si vipande vya mbao: ni mistari iliyochorwa kwa chuma chenye ncha na kujazwa weusi. Kwa hiyo usijitese kukata mshipa wa upana wa uzi.

Ubao wako umepinda kwa sababu umebandika upande mmoja. Gundi nyeupe ina maji. Vinia ilivimba ikiwa imebandikwa, kisha ikasinyaa na kuuvuta ubao. Mninga ni mbao nzuri, lakini ubao mmoja mpana unatanuka na kusinyaa kwa upana kila hewa ya Pwani inapobadilika. Tumia plaiwudi ya milimita 18, na siku hiyohiyo ubandike mgongoni vinia ya unene uleule, nyuzi zikielekea upande uleule.

Malengelenge ni mahali ambapo gundi haikutosha au hewa ilikwama. Njia ya Kifaransa inaliepuka hilo hivi. Lowesha karatasi ya kaki, uigundishe kingo zake juu ya ubao, ikikauka itakaza kama ngozi ya ngoma. Panga picha yote juu yake ikiwa imelala kifudifudi, uibandike kwa gundi ya ngozi. Mianya midogo iliyosalia ijaze kwa nyuma, kwa gundi hiyohiyo iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha usawazishe mgongo. Ndipo unaibandika picha nzima kwenye plaiwudi, karatasi ikiwa juu. Gundi ya ngozi ya chembechembe iloweke usiku kucha, gramu 100 kwa gramu 150 hadi 200 za maji, uipashe ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto hadi digrii 60. Ikifika kuchemka nguvu yake imeondoka. Weka juu bati la alumini lililopashwa moto, ubane klempu kuanzia katikati kwenda kingoni ili ziada itoke, uache hadi kesho yake. Karatasi itaondoka kwa maji ya uvuguvugu.

Malengelenge uliyonayo sasa yachane kwa wembe kufuata nyuzi, uingize gundi kwa sindano, uweke karatasi ya nailoni na ubane. Usiyakwangue. Msasa nao uwe wa mwisho kabisa, kwa sababu vumbi la mbao nyeusi linaingia kwenye vinyweleo vya petali nyeupe na halitoki. Kikwaruzo cha chuma kinatosha. Kumbuka vinia ya kale ya Paris ilikuwa na milimita 1 au zaidi; yako ya 0.6 ukiikwangua kwa hasira utakuta plaiwudi.

Ganda la ng'amba liache lilipo. Kasa analindwa na sheria za Tanzania, na ng'amba yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Samani utakayoitia ganda hilo hutaiuza nje. Badala yake tumia pembe ya ng'ombe. Ichemshe mpaka ilainike, uipasue, uibane kati ya mabati mawili ya moto hadi inyooke, uikwangue mpaka milimita 1, na kabla ya kubandika upake rangi nyekundu upande wa chini, kama walivyofanya chini ya gamba ili ling'ae. Na ukiiunganisha na shaba ya manjano, mgongo wa shaba ukwaruze kwa msasa wa chenga kubwa, uusugue kwa kitunguu saumu kilichokatwa, ndipo upake gundi. Bila hivyo itabanduka kiangazi cha kwanza.