Unahamia Kisumu na mtoto mdogo? Usidanganywe na ziwa

Miaka mitatu sasa nipo Kisumu, Kenya. Mke wangu ndiye aliyepata kazi huku. Mimi nilifuata na kompyuta begani na binti yetu wa mwaka mmoja na miezi minne mgongoni. Hesabu za maduka mawili ya Mwanza nazifanyia nyumbani, usiku mtoto akishalala, kwa hiyo mchana mlezi ni mimi.

Kila baada ya muda hunipigia simu mtu wa Mwanza, Bukoba au Musoma aliyepata kazi upande huu, na swali huwa lile lile: kuna cha kujiandaa kweli, wakati ziwa ni moja na Kiswahili ni kimoja? Hapo ndipo nilipoteleza mimi. Anayehamia Uchina anajua fika kwamba anakwenda ugenini, na anajipanga. Wewe unayevuka mpaka wa Sirari unajiona umehamia mtaa wa pili, halafu unajikuta sokoni umeduwaa, mtoto kakubana shingo, na muuza samaki hajui sato ni nini.

Makaratasi niyamalize upesi, maana hayana raha. Mara ya kwanza kumpeleka mtoto Mwanza akamsalimie bibi yake tulisafiri wawili tu, mimi na yeye. Nilifika mpakani na pasipoti mbili, yangu na yake, nikajiona nimekamilika. Afisa akaomba cheti cha kuzaliwa na barua ya mama yake. Sikuwa navyo. Tukakaa kwenye benchi, mtoto analilia maziwa, nami nampigia mke wangu apige picha kila karatasi iliyo kabatini. Kosa lilikuwa langu. Mwanamume aliye peke yake na mtoto anayelia vile, hata mimi ningemuuliza maswali. Tangu siku hiyo bahasha ya plastiki haitoki kwenye begi la nepi: cheti, barua ya mzazi mwenzangu, kadi ya kliniki, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na siku zilizoandikwa kwenye muhuri wa mtoto zihesabu kando na zako, kwa sababu kibali cha kazi cha mzazi hakimbebi mtoto mpaka naye aombewe cha kwake kama mtegemezi.

Kadi ya kliniki usiiache kwa bibi. Yetu ilinakiliwa na muuguzi kwenye kijitabu cha mama na mtoto cha huku, chanjo moja baada ya nyingine, tukaendelea pale tulipoishia. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka miwili, uliza kuhusu chanjo ya malaria: Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019 katika kaunti za ukanda huu wa ziwa, Homa Bay ikitangulia. Lakini chanjo isikufanye ukunje neti. Mtoto akichemka hapa, kipimo ni siku hiyo hiyo, si kesho.

Sasa soko. Wiki ya kwanza nilikwenda Kibuye nikasema, "Mama, naomba sato wawili wa wastani." Mama akanitazama. Nikarudia. Akamuuliza jirani yake jambo kwa Kijaluo, wakacheka. Mwisho nikanyoosha kidole. "Aa, ngege! Si ungesema?" Basi jifunze kabla hujaja: sato ni ngege, sangara ni mbuta, dagaa ni omena, na mapanki yetu wao huyaita mgongo wazi. Unga wa ulezi wa uji wa mtoto ulizia wimbi. Ukitaka choroko sema ndengu. Mimi niliomba dengu za kichwani mwangu nikarudi nyumbani na choroko, nikazipika nikijiuliza mbona za kijani. Mboga za majani ndizo zilizonitoa jasho, mpaka nikaokota majina ya Kijaluo: mlenda ni apoth, mgagani ni dek, mnavu ni osuga. Binti yangu hali mboga nyingine zaidi ya mlenda, kwa hiyo apoth lilikuwa neno letu la kwanza la kigeni, kabla hata ya erokamano, yaani asante.

Na bei! Shilingi ya huku ni kama 20 za kwetu. Ukisikia "mia mbili" akili inakwambia ni hela ya pipi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalipa nikiwa na furaha, nikaja kupiga hesabu mwisho wa mwezi, furaha ikaisha.

Yule mama wa ngege ndiye baadaye alinifungulia mji. Jumamosi ya tatu au ya nne aliniuliza mtoto anaitwa nani, nikamtajia. Akatikisa kichwa kwamba hilo ni la kanisani, anataka la nyumbani. "Alizaliwa wakati gani? Asubuhi? Usiku?" Nikamwambia ilikuwa alasiri, mvua inanyesha kiasi kwamba teksi ya kwenda hospitali ilizimika njiani. Akapiga makofi: "Akoth!" Wajaluo humpa mtoto jina kwa saa au hali aliyozaliwa nayo. Wa asubuhi ni Akinyi, wa jua kali Achieng', wa usiku Atieno, na wa mvua ndiye huyo Akoth. Wa kiume ni Okinyi, Ochieng', Otieno, Okoth. Tangu siku ile nikawa wuon Akoth, baba Akoth, kuanzia mezani pake mpaka kwa muuza nyanya wa mwisho kabisa. Nikiugua mafua wananiuliza, nisipotokea Jumamosi wananiuliza zaidi. Kwa hiyo ushauri wangu hapa ni wa kibishi kidogo: usizunguke soko zima kutafuta punguzo la shilingi kumi. Chagua meza moja, rudi hapo hapo kila wiki na mtoto wako. Hasara ya shilingi kumi utailipa, lakini siku umekwama nje na mtoto mvua inakuja, utajua uzikimbilie turubai za nani.

Maana mvua ya huku haibishi hodi. Asubuhi jua linawaka hakuna hata wingu, saa tisa alasiri radi inapasua anga. Matembezi yetu yote tunayafanya kati ya saa mbili asubuhi na saa sita, halafu nyumbani, chakula, usingizi. Na tunakwenda mahali pamoja tu kwa wiki. Wageni wengi huja na orodha ya kumaliza Nyanza nzima kwa wikendi mbili, na mtoto anaishia kuziona zote akiwa amelala au analia.

Anza na Makumbusho ya Kisumu. Pana kivuli, kuna nyoka, kuna mamba, na kuna boma la Kijaluo lililojengwa kama lilivyokuwa zamani. Hapo tulipata kisa chetu. Mwelekezaji alisimama mbele ya kibanda karibu na lango akasema, "Na hii ni simba ya kijana wa kwanza." Binti yangu akajificha nyuma ya mguu wangu. Kumbe simba kwa Kijaluo ni nyumba ya kijana ambaye bado yuko bomani kwa baba yake. Tulichungulia ndani: giza, kitanda, basi. Njia nzima kurudi aliniuliza simba kaenda wapi. Wiki iliyofuata nikampeleka kwenye hifadhi ndogo ya Impala, kando ya ziwa, nimwonyeshe simba mwenyewe, aliye nyuma ya uzio. Akamtazama sana. Akaniambia, "Baba, huyu si simba. Simba ni nyumba."

Hifadhi za wanyama hulipiwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, si kwa noti, kwa hiyo fungua akaunti nyumbani kabla ya kutoka. Chukua na pasipoti, kwa kuwa mtu wa Afrika Mashariki hatozwi kama mgeni wa kutoka Ulaya. Mimi siku moja nilisimama langoni na pochi imejaa noti, mtoto ameshaona swala kupitia uzio, na intaneti ya simu imeisha. Hebu fikiria kilio.

Dunga, ufuko wa wavuvi hapa Kisumu, ni pazuri kuliko pote kwa mtoto anayependa maji: mafunjo, ndege, wavuvi wanarudi na mitumbwi asubuhi. Ukitaka kupanda boti, panda mapema, upepo wa ziwa huamka mchana na mawimbi nao huamka. Uliza jaketi la kuelea la saizi ya mtoto kabla hujataja bei. Wakikupa la mtu mzima ambalo mtoto anatumbukia ndani yake, shuka, hata kama umeshalipa. Na asichezee maji ya ukingoni kwa miguu mitupu. Kichocho cha Winam, ghuba hii ya Kisumu, ni kile kile cha Mwanza, na viboko nao jioni hutoka kula nchi kavu.

Kit Mikayi, yale majabali marefu ya kule Seme, subiri mtoto afike miaka minne. Mimi nilipanda naye mgongoni, nikashuka magoti yanatetemeka. Jina lake ni jiwe la mke mkubwa, mikayi, na boma la makumbusho litakuwa limeshakueleza mke mkubwa ni nani. Msitu wa Kakamega una nyani na baridi tamu, lakini ni safari ya siku nzima. Ukipita Maseno simama kwenye alama ya Ikweta, mtoto aweke mguu mmoja kila upande. Ni dakika tano, na atawasimulia watu miezi sita.

Usafiri ukiwa na mtoto ni tuktuk, ambayo wewe unaijua kama bajaji. Patana kabla ya kukaa. Bodaboda sipandi naye, wala sitaki mjadala. Kwenye matatu, yaani daladala za huku, mtoto wa kupakata halipiwi, ila ukitaka kushuka usipige kelele "shusha!" kama tuko Buhongwa ya Mwanza, sema "steji" na kondakta atakuelewa.

Jambo moja hakuna aliyeniambia, na limetuuma: likizo. Shule za huku zina mihula mitatu, watoto wanapumzika Aprili, Agosti, kisha mwisho wa mwaka. Kwetu likizo kubwa ni Juni na Desemba. Maana yake binti yangu, ambaye sasa yuko PP1, darasa la awali, na binamu zake wa Nyamagana, Mwanza, hukutana Desemba tu. Tukipanga safari ya Agosti anafika na kukuta wenzake wako darasani, anabaki uani na kuku.

Na usisahau kwamba lugha ya mtoto itabadilika mdomoni mwake ukitazama. Hapa watoto hawaamkii shikamoo. Mara chache binti yangu alipomwamkia mzee mtaani, mzee alisimama, akacheka, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekumbushwa shule ya msingi. Baada ya mwaka akaacha. Umeme ukawa stima. Desemba iliyopita tulifika Mwanza usiku, bibi yake akamkumbatia, na neno la kwanza lililomtoka mtoto lilikuwa, "Bibi, nipee maji."

Mama yangu akanigeukia mimi, si yeye. Kisha akachuchumaa, akamshika mabega, akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, hapa tunasema naomba."

Akoth akafikiri kidogo. "Bibi, naomba unipee maji."