Mac au kompyuta ya kuunda mwenyewe? Inategemea unacheza nini

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi. Mchana nahariri video fupi fupi, usiku nacheza gemu mtandaoni na wenzangu. Nimedunduliza muda mrefu, sasa nataka mashine moja tu ya kukaa nayo miaka mitano hivi. Dada yangu ana Mac na anaapa sitajuta. Wenzangu wanacheka, wanasema Mac haina nguvu ya gemu, ninunue kifaa kimoja kimoja niunde kompyuta yangu. Sijawahi hata kufungua kasha la kompyuta. Nacheza sana Valorant na Counter-Strike 2, na nikiwa peke yangu Baldur's Gate 3. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba. Wengi wanaoniuliza swali hili hunitajia RAM, prosesa na rangi ya taa za feni, kisha gemu wanazocheza wanasahau kabisa kuzitaja. Wewe umezitaja, na kwa hiyo jibu ni fupi: unda kompyuta.

Valorant haina toleo la Mac, na haijawahi kuwa nalo. Counter-Strike 2 ilipotoka mwaka 2023 iliiacha Mac nje, ingawa ile iliyoitangulia, Global Offensive, ilikuwa ikichezeka huko. Inabaki Baldur's Gate 3, ambayo kwenye Mac ipo na inakwenda vizuri. Lakini gemu mbili kati ya tatu, tena ndizo zinazokukutanisha na wenzako, hutazipata. Hapo hata ukipewa Mac yenye prosesa kali kuliko zote, bado utakaa pembeni ukiwatazama wenzako wakicheza.

Ila wenzako sababu wameikosea. Shida ya Mac si nguvu. Gemu haiongei na kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha, moja kwa moja, huongea nayo kupitia lugha ya kati. Kwenye Windows lugha hiyo ni DirectX ya Microsoft, na gemu nyingi kubwa za kompyuta huandikwa kwa lugha hiyo. Apple wana ya kwao, Metal. Zamani kulikuwa na OpenGL iliyoeleweka pande zote mbili, lakini mwaka 2018 Apple walitangaza kwamba wanaiacha, na mrithi wake, Vulkan, iliyotoka mwaka 2016, hawakuichukua. Kwa hiyo kampuni inayotaka gemu yake iingie kwenye Mac ina kazi ya kuiandika upya sehemu nzima ya picha, kwa ajili ya wachezaji wachache. Wengi wanapiga hesabu wanaona hailipi.

Halafu mwaka 2019 mfumo wa macOS Catalina ukakataa programu zote za muundo wa zamani wa biti 32, na gemu nyingi za zamani zikafa siku mtu aliposasisha mfumo wake. Mwaka uliofuata Apple wakaanza kuachana na prosesa za Intel na kutumia za kwao, kuanzia M1. Hapo ukafungwa mlango wa uani wa wachezaji: kwenye Mac za Intel uliweza kuweka Windows kamili kwa kutumia Boot Camp, ukaizima Mac na kuiwasha upya ikiwa Windows. Kwenye Mac za sasa Boot Camp haipo.

Najua utaambiwa kuhusu CrossOver na Parallels, programu za kuendesha vitu vya Windows ndani ya Mac. Zinafanya kazi, na kwa gemu za kucheza peke yako zinaweza kukushangaza. CrossOver hutafsiri maneno ya Windows yawe ya Mac papo hapo, na Apple wenyewe walitoa mwaka 2023 zana za kuwasaidia watengeneza gemu kwa njia inayofanana na hiyo. Lakini Valorant ina mlinzi wake wa kuwakamata wadanganyifu, Vanguard, anayeamka pamoja na Windows na kukaa ndani kabisa kwenye kiini cha mfumo. Mlinzi huyo anataka Windows halisi juu ya mashine halisi. Ukimletea Windows ya kuigiza, hata mlangoni hakuruhusu. Na kule kucheza kwa mbali, gemu iendeshwe kwenye seva ya mtu na wewe uletewe picha tu, ni sawa kwa gemu za hadithi, ila kwa gemu ya kulenga shabaha kama Valorant kila kubofya lazima kusafiri kwenda na picha irudi. Adui ameshakumaliza.

Dada yako naye hakudanganyi. Kwa kuhariri video Mac ni mashine tamu: haina kelele, inakula umeme kidogo, na ndani ya prosesa mna sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video. Gemu nzito nazo zinaingia moja moja, Resident Evil Village mwaka 2022, No Man's Sky mwaka 2023, Cyberpunk 2077 mwaka 2025. Ungekuwa unacheza Baldur's Gate 3 peke yake, ningekwambia mfuate dada yako na maandishi haya yangeishia hapa.

Lipo moja tu ningekuonya hata hapo, kwa sababu umesema miaka mitano. Kumbukumbu (RAM) ya Mac za sasa imefungwa pamoja na prosesa. GB 16 ulizonunua leo ndizo utakazokuwa nazo mpaka siku unaiuza, na kadi ya grafiki ya nje haikubaliki kwenye prosesa za Apple. Kompyuta ya kuunda inakwenda na wewe. Mfano mzuri ni mazabodi, zile bodi kuu zinazobeba vifaa vyote, za prosesa za AMD zenye soketi (kiti cha prosesa) ya AM4: mtu aliyenunua mwaka 2017 aliweza mara nyingi, baada ya kusasisha BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya mazabodi), kuchomeka prosesa ya Ryzen 7 5800X3D iliyotoka mwaka 2022. Mazabodi ileile, RAM ileile, kasha lilelile. Ndiyo maana kwako ningeangalia AM5, soketi iliyotoka mwaka 2022 na inayotumia RAM za DDR5.

Sasa tuje kwenye vifaa. Watu husema weka hela zote kwenye kadi ya grafiki. Kwa gemu nyingi ni kweli, kwa zako si kweli sana. Valorant ni nyepesi kwa kadi, inayotoka jasho ni prosesa, na unachokitafuta pale ni fremu nyingi, yaani picha nyingi kila sekunde. Kwenye skrini ya 60Hz, inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 16.7 kabla ya nyingine kuja, kwenye 144Hz inakaa 6.9. Tofauti hiyo utaiona kwa macho yako dakika ya kwanza tu adui akichungulia kwenye kona. Kwa hiyo nunua prosesa nzuri, kadi ya kati, na usiibanie skrini: 144Hz au zaidi. Tamaa ya 4K iweke kando. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta kama milioni 2.07, ile ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69, na 4K ina milioni 8.29, yaani mara nne kamili ya ile ya kwanza, na kila nukta kadi lazima iichore upya kila fremu. Mimi ningekaa na 1440.

RAM chukua GB 32 kwa ajili ya video zako, tena ziwe vipande viwili, si kimoja. Vichomeke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ndivyo mazabodi nyingi zinavyotaka, ila kijitabu chake kikisema vingine kitii hicho. Diski iwe SSD ya NVMe, ile ya kasi. Kasha lolote linalopitisha hewa linatosha.

Pawa saplai, kinachogawa umeme kwa vifaa vyote, ndiyo kitu ambacho watu hukinunua mwisho kwa chenji iliyobaki, nami ndicho kinachonikera kuliko vyote. Kadi kama RTX 4060 hula wati 115, lakini RTX 4090 hula 450, na kadi utakayoweka baada ya miaka mitatu hujui itataka ngapi. Chukua ya kampuni inayojulikana na iwe na nafasi ya ziada. Kifaa kingine kikifa kinakufa peke yake, pawa saplai mbovu inaweza kufa na wenzake.

Kuunda kwenyewe usikuogope. Sehemu ya kushika pumzi ni moja: soketi ya AM5 ina pini nyembamba sana kwenye mazabodi, na ukizigusa kwa kidole zinapinda. Shusha prosesa polepole kwa kufuata alama ya pembetatu, usiisukume. Mengine mengi yanahitaji nguvu kuliko unavyodhani. Ile plagi ya umeme ya pini 24 itakufanya uhisi unaivunja mazabodi, wewe kandamiza tu mpaka usikie kidude chake kimeng'ata.

Ukimaliza, kagua haya. Mteja mmoja aliniletea kompyuta aliyoiunda mwenyewe, kazi safi, nyaya zimefungwa kama za kiwandani, lakini gemu zinakokota na amekwisha kushawishika kwamba ameuziwa kadi feki. Nikageuza kasha. Waya wa skrini alikuwa ameuchomeka juu, kwenye mazabodi, badala ya chini kwenye kadi. Kadi ya watu ilikuwa imekaa bure wiki nzima. Nilipouhamisha hakusema neno, alicheka kile kicheko cha mtu anayetamani kulia. Kisha tukafungua mipangilio ya Windows tukakuta skrini yake ya 144Hz imeachwa kwenye 60. Ingia humo uibadilishe, na kwenye BIOS washa EXPO ili RAM ikimbie kwa kasi uliyoilipia.

Ukiwa bado ndani ya BIOS, hakikisha TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele viwili vya usalama, zimewashwa. Kwenye Windows 11 Vanguard inazidai zote mbili, na ukizisahau Valorant itakukaribisha kwa ujumbe wa VAN9001 au VAN9003 usiku uleule ambao wenzako wanakusubiri.

Orodha yako ya vifaa ikiwa tayari, niletee kabla hujalipa. Nitaanza kusoma kwenye pawa saplai.