Kabla ya kuchora ukuta, uliza jeneza litapita wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja anayemalizia masomo Chuo Kikuu Ardhi aliniandikia. "Shikamoo dada. Nataka siku moja nisanifu majengo ya jamii kama wewe. Nianze na programu gani ya kuchorea?" Akaniambatishia kazi yake: ukumbi wa mtaa huko Mbagala, umevikwa vioo toka chini mpaka juu, ngazi pana mbele, taa za kumulika kuta usiku. Mistari imenyooka, kijana ana mkono. Nilikaa na ujumbe ule siku tatu, maana jibu lake haliingii kwenye sentensi moja. Najua mko wengi mnaotaka kuuliza hilohilo, kwa hiyo naliandika hapa.

Mafuriko ya Desemba 2011 mliokuwapo Dar mnayakumbuka. Mimi nilikuwa na miaka miwili tu kazini. Mwaka uliofuata ofisi niliyokuwa nafanyia ilipata kazi ya nyumba kumi na mbili nje kidogo ya jiji, kwa ajili ya familia zilizotolewa bondeni. Nikapewa mimi nizichore. Kwa binti wa miaka ishirini na saba ile ilikuwa heshima kubwa, na nilizichora kwa mapenzi. Nililala ofisini. Nilijali faragha, kwa hiyo ukifungua mlango wa mbele hukutani na sebule moja kwa moja. Unaingia kwenye kijikorido cha sentimita tisini, unakata kona, ndipo unafika sebuleni. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, yenye grili. Jiko ndani. Baraza nilikuwa nimeliweka kwenye mchoro wa kwanza, mfadhili akasema ni mita za mraba zisizotumika. Nikalifuta. Nililifuta mwenyewe, kwa mkono wangu, na sikubisha hata kidogo.

Miezi minane baada ya watu kuhamia nilirudi kuangalia nyufa. Nikakuta msiba. Mzee wa nyumba ya nne alikuwa amefariki hospitalini na mwili ulikuwa njiani. Ilikuwa Aprili, masika imeshika. Wanaume wamejibana chini ya turubai moja lililovimba maji, na kwa kuwa hapakuwa na baraza wala ua, nusu ya turubai ilikuwa barabarani. Wanawake walikuwa wanapikia nyuma, ubavuni mwa choo, kwa sababu sufuria la wali wa watu mia haliingii kwenye jiko la mita mbili kwa mbili. Moshi ukawa unaingia ndani kwa waliolala kwenye mikeka.

Gari likafika. Kwa familia ile, marehemu lazima alale kwake usiku mmoja kabla ya kuzikwa. Wakaingiza jeneza. Mlango lilipita. Kwenye kona yangu likakwama. Wakarudi nyuma, wakajaribu kwa ubavu, mmoja akasema tulisimamishe, mwingine akamfokea kwamba humo kuna mtu. Wakalitoa nje, kwenye mvua, wakalifunika kwa kanga. Kisha akaitwa fundi wa kuchomelea, akakata grili ya dirisha la sebule. Bado naikumbuka ile sauti ya chuma kukatwa, na akina mama ndani wanalia, na cheche zinazimikia kwenye matope. Vioo vikang'olewa. Jeneza likapitishwa.

Binti yake mkubwa alisimama karibu yangu, hajui mimi ni nani. Akasema, "Baba yetu ameingia kwake kwa dirishani, kama mwizi."

Sikujitambulisha. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko hata kona yenyewe.

Niliporudi ofisini nikaandika taarifa ya kurasa tatu. Jibu nililopewa ni kwamba watu watazoea. Picha za nyumba zile zilichapwa kwenye kalenda, zimepigwa asubuhi, kabla hazijaingiwa na mtu. Mimi nilizunguka na taarifa yangu mpaka nikachoka, na mwaka uliofuata nikaacha kazi. Miaka iliyofuata sitaisimulia, ilikuwa ya kuchora fremu za maduka na uzio ili kodi ilipwe.

Kilichonirudisha ni nyumba ya marehemu bibi yangu, Ilala. Nimekulia humo likizo zote na sikuwahi kuiona. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi katikati, uwani nyuma kuna jiko, bafu na choo. Nilikwenda na futi kamba nikapima kila kitu. Ukumbi una mita moja na themanini, na mlango wa mbele unatazamana na mlango wa uani. Ukiifungua yote miwili hewa inapita humo kama kwenye bomba, huhitaji feni mpaka usiku wa Februari. Bibi alipofariki alitolewa kwa mlango uleule alioingilia akiwa bibi harusi, mabegani mwa watu wanne, bila mtu kuinama.

Na baraza. Sakafu nyekundu iliyosuguliwa na makalio ya vizazi vitatu mpaka inang'aa. Hapo ndipo mahari yalipozungumziwa, hapo muuza kahawa hutua birika lake, hapo bao huchezwa, hapo mpangaji mpya hukaa na mkoba wake akisubiri kuulizwa ametokea wapi. Mgeni anafika nyumbani kwako bila kuingia ndani kwako. Faragha niliyoihangaikia kwa kona ya sentimita tisini, wazee waliipata kwa kibaraza cha mita moja na nusu. Na ndicho hicho nilichoambiwa hakitumiki!

Kwa hiyo, kijana wangu, ushauri wa kwanza: nenda ukakae. Usiende na dodoso. Kaa saa kumi jioni uone watu wanahamisha viti kufuata kivuli gani. Kaa siku ya mvua. Kaa siku ya msiba, ubebe maji kama wenzako. Sherehe watu huipanga, wakikosa nafasi hukodi ukumbi. Msiba haukodiwi ukumbi, unakuja usiku na watu mia mbili nyuma yake. Jengo likiweza msiba, mkutano wa mtaa litauweza, na vikoba, na chanjo ya watoto.

Ushauri wa pili unafanana na wa kwanza: kaa mpaka uujue upepo na jua la hapa. Dar tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi karibu saba. Jua la adhabu ni la asubuhi na la jioni, linaloingia kwa chini, kwa hiyo upande mrefu wa jengo uelekeze kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi uunyime madirisha. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi inashika kuanzia Aprili. Ukumbi wako wa Mbagala umetazamisha vioo magharibi. Utapika watu humo ndani.

Kibla nayo. Makka na Dar ziko karibu kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kibla kwetu ni kaskazini. Muislamu hapendi kuketi chooni akielekea kibla wala akiipa mgongo. Maana yake ni kwamba choo chako kilale mashariki na magharibi. Hakuna gharama yoyote hapo, ni kugeuza sinki tu kwenye mchoro. Lakini ukikosea, kuna mzee atakayekitumia choo chako kwa kukaa upande miaka yote, na hatakwambia.

Msidhani kwamba nasema turudi kwenye makuti. Nendeni Kariakoo mkaangalie soko alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Zege tupu, la kisasa kabisa, lakini paa lake ni miavuli mikubwa iliyosimama kwa nguzo, chini kivuli, pembeni hewa, na juu miavuli ile inakusanya maji ya mvua. Mtu yule alielewa kwamba soko letu ni watu waliokaa kivulini, akakichukua kivuli kile akakijenga kwa zege. Moto ulioliunguza Julai 2021 uliniliza kama nimefiwa.

Mwezi uliopita tulikabidhi jengo la kikundi cha akina mama huko Chanika, na nitalisema bila aibu: ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Ukumbi mmoja, ofisi, chumba cha watoto. Tofali za inchi sita, bati, kuta za juu matofali ya matundu kuanzia usawa wa kichwa. Baraza limezunguka pande tatu, upana wa mita mbili na nusu, na kingo yake ni benchi la zege, hivyo watu themanini wanakaa bila kiti kimoja. Milango miwili mikubwa inatazamana. Jiko liko peke yake uwani, upande ambao moshi haurudi ndani, na mafiga sita yamejengwa kwa kipimo cha sufuria kubwa kuliko yote ya kikundi. Mwembe tuliukuta, tukauacha, ukuta ukaupisha.

Kabla ya kuchora nilikaa pale Jumamosi saba. Mwenyekiti wao alichoka na mimi. Jumamosi ya nane nikachukua chokaa, nikachora ramani chini, nikaomba vijana wanne wabebe meza ndefu waingie mlango wa mbele watokee wa uani. Akina mama walielewa papo hapo meza ile ni nini. Kikawa kimya. Mmoja akasogea, akafuta mstari wa chokaa kwa mguu, akauchora tena hatua moja nje zaidi. Mlango wa mbele umejengwa pale alipouchora yeye.

Hivyo, kijana, usiniulize programu. Jifunze yoyote, zote zinachora kona ya sentimita tisini vizuri sana. Kaa na watu kwanza. Mfadhili akikwambia baraza halitumiki, bisha. Bisha kwa adabu, lakini bisha, na ukishindwa iandikwe kwamba ulibisha. Mimi sikubisha na kuna mtu aliingia kwake kwa dirishani.

Jumamosi hii kuanzia saa tisa nitakuwa Chanika, kuna hitma ya mmoja wa wanakikundi, ya kwanza tangu jengo lifunguliwe. Njoo na futi kamba. Ukifika usinitafute ndani, nitakuwa uwani, kwenye mafiga.