Taa ya kufanyia kazi uvunguni mwa gari

Umeuliza ni taa ipi inayomfaa mtu anayetengeneza gari lake mwenyewe nyumbani. Ningechagua taa ya LED yenye betri ya kuchaji, kwa kuwa haina waya wa kukunasa miguu unapotambaa uvunguni, wala haipati joto kali kama balbu ya haloji, ambayo inaweza kukuunguza mkono au, ikipasuka, kuwasha mvuke wa petroli.

Usihadaike na idadi kubwa ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa kazi ya karibu, lumeni 300 hadi 500 zinatosha, na zikizidi sana mwanga hukurudia machoni kutoka kwenye vyuma vinavyong'aa. Lumeni 1,000 na kuendelea ni za kumulika injini nzima kwa mbali kidogo. Jambo ambalo wengi hulisahau ni uhalisia wa rangi, unaopimwa kwa kipimo cha CRI: taa yenye 90 au zaidi hukuwezesha kutofautisha waya wa kahawia na mwekundu, na nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuzichanganya.

Sumaku imara kwenye kitako ni ya lazima, lakini haishiki boneti ya alumini, kwa hiyo hakikisha kuna kulabu pia. Ukiweza, nunua taa mbili ndogo badala ya moja kubwa, kwani ya pili ikimulika kutoka upande mwingine, kivuli cha mkono wako hakitaificha boliti unayoifungua.