Kwa nini hamjaona picha zangu za Januari 26

Binamu zangu, mmeuliza kwenye grupu la familia mbona tangu nipate uraia wa Australia sijaweka hata picha moja ya sikukuu yao ya taifa. Mmoja wenu akasema huenda nimekosa shukrani kwa walionipokea. Shukrani ninayo. Kazi ya kuuguza wazee hapa Melbourne ndiyo imewasomesha wadogo zetu, na nikiugua natibiwa.

Lakini sikukuu yenyewe mwaielewa? Sisi Wakenya Desemba 12 twakumbuka bendera ya Mwingereza ikishushwa. Hapa, Januari 26 ni siku ilipopandishwa. Mwaka 1788 Arthur Phillip alitua Sydney na meli za wafungwa, akaitwaa nchi kwa jina la mfalme wake. Waaborijini walikuwa wameishi humu zaidi ya miaka 60,000, ila sheria ikawaona kama hawapo, ardhi haina mwenyewe. Mahakama ya juu kabisa iliukana uongo huo mwaka 1992, na Eddie Mabo, aliyepigania kesi ile, alikuwa ameshazikwa. Na kuna watoto walionyakuliwa kwa mama zao, vizazi kwa vizazi, wakapewa Wazungu wawalee. Serikali iliomba radhi mwaka 2008.

Sasa mimi, mjukuu wa mtu aliyekuwa skwota kwenye shamba la setla, kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kikimning'inia shingoni ndani ya kikebe cha bati, nipeperushe bendera siku hiyo? Moyo unakataa.

Hata kuapishwa kwangu kuliangukia tarehe hiyohiyo. Kabla ya kiapo, mama mmoja mzee wa Wawurundjeri alitukaribisha katika ardhi ya mababu zake. Sauti ilikuwa tulivu, akasema kwa watu wake leo ni matanga, hata hivyo karibuni. Kisha tukaapa, tukapewa kila mtu mche wa kupanda. Nilifurahi na kuona uchungu kwa wakati mmoja, na hadi leo sijaweza kuvitenganisha.

Siku hizi kila Januari 26 asubuhi naenda kwenye maandamano ya kuipinga sikukuu hiyo mbele ya bunge la jimbo. Jioni jirani yangu akiniita kwenye nyama choma, naenda pia, maana ni mtu mwema. Aliwahi kuniuliza kama nchi siipendi nilikuja kufanya nini. Nikamwambia naipenda, ndiyo sababu nataka sherehe ihamishiwe siku ambayo wenye nchi nao wataweza kucheka. Hakukubali. Wengi hawakubali: mwaka 2023 asilimia 60 hivi walikataa kwa kura kuwapa wenyeji chombo cha kulishauri bunge. Mimi nilipiga ndiyo, na matokeo yaliniuma.

Wifi yenu naye anangoja barua ya kuapishwa. Tangu mwishoni mwa 2022 halmashauri zimeruhusiwa kuapisha watu siku chache kabla au baada ya hiyo 26, nami nimemsihi aombe mojawapo ya hizo.