Maneno marefu ya Kiingereza: mkazo kwanza, kasi baadaye

Binti mmoja anayejiandaa kutetea tasnifu yake ameniandikia: "Kaka, maneno marefu ya Kiingereza nikiyasoma nayaelewa, ila nikiyatamka watu wanaangaliana. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, kuangaliana huko nakujua. Kwenye usaili wa kazi niliwahi kutamka "development" nikikazia "lop", kama ulimi wa Kiswahili unavyotaka. Msaili mmoja akalirudia kwa kunikejeli, wenzake wakacheka. Kazi sikuipata, na kicheko kile kinaniuma hadi leo, maana hakuna aliyeona haja ya kunielekeza kwamba mkazo uko kwenye "ve".

Sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye Kiingereza mkazo unahama. "Photograph" unakazia mwanzo, "photographer" silabi ya pili, "photographic" ya tatu. Na silabi zisizokaziwa hufifia: ile "o" ya kwanza ya "photographer" karibu haisikiki.

Kwa hiyo tazama mkia wa neno. Likiishia -tion au -ic, kazia silabi inayotangulia mkia huo: communiCAtion, ecoNOmic. Hapo ndipo hasa Kiswahili kingeuweka mkazo, basi usihangaike. (Yapo yanayokaidi, kama "Arabic", linalokaziwa mwanzoni.) Mkia -ity nao hutanguliwa na mkazo: elecTRIcity, responsiBIlity. Lakini -ness na -ment haviuhamishi. Palipokaziwa "develop" ndipo panapokaziwa "development".

Kisha likate neno. Usiniambie huwezi: wewe unayeelewa "tutawaandikisha" kwa mara moja, tu-ta-wa-andik-ish-a, kukata maneno umekuanza utotoni. "Unpredictability" ina un- ya kukanusha, pre- ya kutangulia, "dict" ya Kilatini yenye maana ya kusema, kisha -abil- ya kuwezekana, na -ity inayokuonyesha pa kukazia: "bil".

Leo naongoza vikao vya wafadhili kwa Kiingereza, na watu huniuliza nilisoma nchi gani. Nimesoma hapa hapa, kwa penseli na kamusi. Vijana wenzangu, acheni kukimbiza maneno ili muonekane mnajua! Fungueni kamusi ya Oxford au Cambridge, mtafute kile kistari kidogo kilichosimama juu, kabla ya silabi yenye mkazo. Kiko pale kwa ajili yenu.

Nawe binti, anza na kichwa cha tasnifu yako. Weka alama ya mkazo kwenye kila neno refu, ukisome kwa sauti, polepole, mpaka ulimi ukizoee. Ndicho jopo litakachokisikia kwanza.