Safari mbili mfululizo katika meli ileile: siku ya katikati ikoje?

Ndugu uliyeuliza, wasiwasi wako ni kama utalazimika kushuka na mizigo yote siku ambayo safari ya kwanza inaisha na ya pili inaanza. Ukibaki katika chumba kilekile, mizigo haiguswi. Ukihamishwa, kwa kawaida wahudumu husogeza nguo zilizotundikwa zikiwa kwenye hanga zake, nawe hufungasha vilivyobaki tu. Wewe mwenyewe, hata hivyo, katika bandari nyingi utatakiwa kushuka ukaguliwe pasipoti, kisha urudi na kadi mpya ya chumba, mara nyingi kabla abiria wapya hawajaruhusiwa kupanda. Saa hiyo meli huwa karibu tupu na bwawa la kuogelea ni lako. Kwangu mimi haina mfano. Bili ya safari ya kwanza hufungwa, kifurushi cha intaneti mara nyingi hukoma, na huenda ukatakiwa kurudia zoezi la usalama hata kama kituo chako cha kukusanyikia unakijua kwa moyo.

Jambo moja lichunguze kabla ya kulipa. Sheria ya Marekani ya 1886 huzuia meli za kigeni kusafirisha abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine; hivyo meli yenye bendera ya kigeni ikikupakia Los Angeles na hatimaye kukushusha Seward, Alaska, safari zako mbili huhesabiwa kuwa moja ingawa zilipokezana Vancouver, Kanada, na unaweza kukataliwa kupanda au kutozwa faini. Kuhusu vyakula na maonyesho ya jioni, tarajia marudio, hasa njia ikiwa ni ileile; chukua kitabu kinene.